Kurudi kwenye pindu: kufungua ukumbi wa sarakasi wakati maradhi yangalipo

Jioni ukipita Forodhani, pwani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, utawakuta vijana wanaruka kutoka ukutani kuingia baharini: mmoja miguu mbele, mwengine pindu la nyuma, mwengine amejikunja mara mbili kabla hajagusa maji. Hapa visiwani sarakasi haianzii ukumbini. Huanzia mchangani, kwenye ukuta wa pwani, na kwenye halaiki za watoto wa skuli zinazoandaliwa kwa sherehe za Mapinduzi za 12 Januari. Ukumbi huja baadaye, pale mtoto anapohitaji godoro, boriti, pete na mwalimu wa kumshika ili ajifunze bila kuvunja shingo.

Machi 2020, korona ilipoingia nchini, michezo ilisimamishwa. Iliporuhusiwa tena 1 Juni zilikuwa zimepita wiki 11 hivi. Hatua ya kwanza inayomjia kila mtu wakati kama huo ni ndoo ya maji mlangoni na dawa kwenye magodoro. Ndoo ni jambo jema na iendelee kuwapo. Lakini hatari mbili kubwa za ukumbi uliofungwa kisha ukafunguliwa hazioshwi kwa sabuni. Moja ni hewa ya chumba. Ya pili ni mwili wa mtoto uliokaa wiki 11 bila kuruka, ukarefuka, kisha ukaambiwa upige pindu lile lile la Machi.

Kila maradhi na njia yake

Zanzibar tumezoea kupambana na kipindupindu, na mazoea hayo yanatuongoza hata pale yasipofaa. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula, kwa hiyo silaha zake ni klorini, choo na mikono safi. Macho mekundu, kama yale yaliyosambaa Tanzania Januari 2024, hupita kwa vidole, mataulo na kila kinachoguswa kisha jicho likasuguliwa. Kwa maradhi hayo bakuli la chaki linalochovywa na watoto 20 ni balaa kweli. Korona, mafua, surua na kifua kikuu hupita zaidi kwa pumzi. Mwalimu anayesafisha sakafu mara tatu kwa siku huku madirisha yamefungwa anapigana na adui wa jana.

Kabla ya kununua chochote, basi, uliza maradhi yaliyopo yanapita wapi. Yanayofuata hapa yanahusu zaidi yale ya pumzi, maana ndiyo yanayoufanya ukumbi wa mazoezi uwe hatari kuliko darasa la kawaida.

Kwa nini ukumbi wa mazoezi si sawa na darasa

Mtu mzima aliyekaa kitako huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akifanya mazoezi makali hufika lita 60, na wanamichezo waliokomaa hupita 100. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Mwenye virusi akihema hivyo humwaga hewani vijitone vidogo mno visivyoonekana, na katika chumba kisichopitisha upepo vijitone hivyo huelea kwa muda mrefu, mbali na pale aliposimama. Ndiyo maana umbali wa mita 2 peke yake hauokoi mtu ndani ya chumba kilichofungwa. Unasaidia kwa matone makubwa ya chafya na kikohozi. Kwa hewa iliyotuama hausaidii sana.

Mfano unaofundisha zaidi ulitoka mji wa Cheonan, Korea Kusini, Februari 2020. Ndani ya siku 24 watu 112 waliambukizwa kupitia madarasa ya dansi ya mazoezi katika vituo 12 vya michezo. Vyumba vilikuwa vya mita za mraba 60 hivi, wanafunzi 5 hadi 22, na kipindi kilikuwa dakika 50. Katika kituo kimojawapo, mwalimu aliyefundisha yoga na pilates, mazoezi ya kutulia, kwa watu 7 au 8 kila darasa, hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyepatikana na virusi. Kilichotofautiana ni kuhema na idadi ya watu.

Somo la hapo kwa mwalimu wa sarakasi ni la moja kwa moja: ya kuhema yafanyike nje, ya kutulia ndani. Kukimbia, kuruka kamba, kupanda na kushuka ngazi, mizunguko ya nguvu, yote hayo yana nafasi uwanjani chini ya mwembe. Kunyoosha viungo, kupiga msamba, kusimama kwa mikono ukutani na kutembea juu ya boriti ndiyo ya ukumbini, kwa makundi ya watoto 8 hadi 10. Kundi liwe lile lile na mwalimu wake yule yule wiki zote, lisichanganyike na jengine, ili akiugua mmoja wasimame 10 badala ya 60.

Sauti nayo ni pumzi. Muziki ukipigwa juu, mwalimu hulazimika kupiga kelele, na anayepiga kelele humwaga vijitone vingi kuliko anayesema taratibu. Punguza muziki. Firimbi iachwe, makofi au dumbaki dogo latosha kuashiria kuanza na kubadilisha zamu.

Hesabu ya hewa, na chetezo cha udi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kuhusu hewa ya ndani ya majengo uliweka kiwango cha chini cha lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo yasiyo ya makazi wala hospitali. Kwa watu wanaohema, lenga mara mbili yake au zaidi. Namba hii inaonekana ya kitaalamu, lakini hesabu yake mwalimu anaweza kuifanya kwa kalamu.

Chukua ukumbi wa skuli wenye urefu wa mita 20, upana mita 12 na kimo mita 5. Ujazo wake ni mita za ujazo 1,200. Madirisha ya pande mbili yakiwa wazi na upepo ukipita kiasi cha kuibadilisha hewa yote mara 6 kwa saa, zinaingia mita za ujazo 7,200 kwa saa, yaani lita 2,000 kwa sekunde. Watoto 20 wanapata lita 100 kila mmoja. Funga madirisha kwa sababu ya mvua, hewa ikawa inabadilika nusu tu kwa saa kupitia nyufa: wamebakiwa na lita 8 kila mmoja, chini ya kiwango.

Sasa chukua chumba cha jimu cha mtaani, mita 10 kwa 6, kimo mita 3, watoto 20 hao hao. Madirisha yakiwa wazi kama mwanzo, kila mtoto anapata lita 15. Yakifungwa, ni lita moja na robo. Chumba kidogo hakikusamehe hata kosa moja, na udogo wa ujazo wake ndio unaokiponza. Ukiwa na chumba kama hicho, afadhali watoto 6 kwa zamu kuliko 20 kwa pamoja.

Pangaboi halileti hewa mpya. Linaizungusha ile ile, na pale ambapo dirisha limefungwa linampelekea kila mtu pumzi ya mwenzake. Kiyoyozi cha ukutani ni vivyo hivyo: kinavuta hewa ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Chumba kizuri chenye ubaridi ndicho kibaya kuliko vyote. Feni ya kusimama inafaa ukiiweka karibu na dirisha la upande upepo unakotokea kwenda nje, uso wake umeelekea nje, isukume hewa ya ndani itoke. Hewa safi itaingia yenyewe upande wa pili.

Upepo wetu una ratiba inayojulikana. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi huvuma kusi. Kuanzia Disemba hadi Machi huvuma kaskazi. Ukumbi ambao madirisha yake yako upande mmoja tu haupitishi hewa hata upepo ukivuma vipi, maana hewa haiingii mahali isipopata pa kutokea. Yafunguliwe yanayotazamana, hata kama ni mlango na matundu ya tofali. Kipindi cha shida ni miezi iliyo baina ya pepo hizo mbili, upepo unapolegea, na masika yenyewe, watu wanapofunga madirisha kwa kuogopa mvua. Siku hizo idadi ya watoto ipunguzwe kabla ya kuanza, isisubiriwe mpaka chumba kijae jasho.

Kupima mwenendo wa hewa hakuhitaji mtambo. Weka chetezo cha udi katikati ya ukumbi, watoto wakiwa nje, na utazame moshi. Ukinyooka juu kisha ukatanda darini bila kusogea, hewa imetuama. Ukilala upande mmoja na kutoka dirishani, umeiona njia ya hewa, na sasa unajua nani asimame wapi: kundi linalohema zaidi liwe karibu na dirisha la kutokea, si la kuingilia. Kisha jaza chumba moshi kidogo, uondoe chetezo, na uhesabu dakika. Hewa ikibadilika mara 6 kwa saa, baada ya nusu saa inabaki sehemu ndogo sana, kama 5 katika 100. Moshi ukiwapo bado baada ya saa nzima, chumba hicho kinahitaji dirisha jengine au watu wachache zaidi. Jaribio hili lifanyike saa kadhaa kabla ya mazoezi. Wenye pumu wasikute hata harufu.

Mwenye uwezo wa kununua kipima hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukihema, atakuta nje kinasoma kama 420 (sehemu kwa milioni). Ndani kikikaa chini ya 800, hali ni njema. Kikipita 1,000, simamisha, toeni watoto nje dakika 15.

Kati ya zamu na zamu iachwe hiyo hiyo dakika 15 chumba kitupu, madirisha wazi. Na pale penye uwezo wa kujenga, banda la makuti lisilo na kuta, nguzo zake zimefungwa sponji hadi kimo cha mtu, ni ukumbi bora kuliko jumba la vioo. Pemba, ambako mvua ni nyingi kuliko Unguja, banda hilo hilo lenye mabawa marefu ya makuti ndilo litakalookoa msimu.

Barakoa inavaliwa lini

Mwenye kubiringika, kuruka au kuning'inia asivae barakoa. Ikishuka machoni katikati ya pindu, mtoto hajui tena ardhi iko wapi. Ikilowa jasho inabana pumzi. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2020 barakoa isivaliwe wakati wa mazoezi makali. Huvaliwa kwa kuingia, kutoka, kusubiri zamu, na mwalimu anayemshika mtoto asiivue kabisa, maana uso wake uko karibu na nyuso za wote.

Wasichana wanaovaa mtandio au hijabu wavae ile ya kuvuta kichwani, ya kitambaa cha kunyumbuka, bila pini hata moja. Pini iliyo chini ya kidevu, mtoto akibiringika mbele, huingia kooni.

Mwili uliokaa

Hapa ndipo panapoumiza watu wengi zaidi, na ndipo panapotajwa kidogo.

Mtu akiacha mazoezi, pumzi hushuka ndani ya wiki 2 hadi 4. Nguvu za misuli hupungua polepole zaidi, na akirudi hurejea upesi. Kano, zile kamba zinazoshika msuli na mfupa, huchelewa kuliko misuli. Kwa hiyo huja siku mtoto anapojisikia ana nguvu kama zamani huku kano zake zingali dhaifu. Anaruka kwa nguvu za msuli, anatua kwenye kano isiyokuwa tayari.

Mwaka 2011, mgogoro kati ya wamiliki wa timu na wachezaji wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ulifunga mazoezi ya pamoja kwa zaidi ya miezi 4. Walipoitwa kambini, wachezaji 10 walikatika kano ya kisigino ndani ya siku 12 za mwanzo, na 2 wengine katika siku 17 zilizofuata. Hao ni watu wazima wenye madaktari wao. Kano ile ile ndiyo anayoitegemea mtoto wetu anapokimbia kupiga pindu, na katika sarakasi kutua kutoka kwenye mapindu magumu huweza kuushukia mguu kwa nguvu iliyo mara 10 ya uzito wa mwili au zaidi.

Kipimo kinachotumika na makocha wa nguvu kwa kurudi ni kupunguza kazi kwa asilimia 50 katika wiki ya kwanza, kisha kwa asilimia 30, 20 na 10 katika wiki zinazofuata. Katika sarakasi kazi isihesabiwe kwa saa. Ihesabiwe kwa idadi ya mituo, yaani mara anazotua, na idadi ya mara mikono inapobeba mwili. Aliyekuwa akitua mara 60 kwa siku aanze na 30, kisha 42, kisha 48, kisha 54, na zile 30 za mwanzo zote ziwe kwenye godoro nene. Mwalimu aandike. Bila daftari, hesabu ya 30 huishia 70 bila mtu kukusudia, kwa sababu watoto wana hamu na wanaomba "mara moja tu ya mwisho".

Kutua kwenyewe kufundishwe upya, hata kwa waliokuwa mabingwa. Anza juu ya kibao cha sentimita 30. Vidole vya miguu vinagusa kwanza, kisha kisigino. Magoti yanaelekea vilipoelekea vidole, hayaangukiani kwa ndani. Mikono mbele, kifua juu. Magoti yakunjike kama mtu anayekaa kwenye kiti, kisha yasimame hapo. Anayeteremka mpaka kimo cha kibao cha mbuzi ameshindwa kuizuia nguvu ya kushuka, na goti linaweza kumpiga kidevuni. Sikiliza pia: mtuo mzuri una sauti ndogo. Ukisikia kishindo, kisigino kimefika kwanza. Mituo 10 safi mfululizo kwenye sentimita 30 ndiyo tiketi ya kwenda 60.

Viganja navyo vinahitaji wiki zao. Mtoto apige magoti, viganja sakafuni, ajisogeze mbele na nyuma mara 10, kisha vidole vikielekea kando, mara 10 tena. Siku zinazofuata aende kwenye ubao wa mikono, yaani mwili umenyooka kama ubao juu ya viganja, miguu ikiwa sakafuni. Kisha miguu juu ya kibao. Kisha kusimama kwa mikono akitazama ukuta, sekunde 10 mara 5. Kupinduka kwa mikono kwa kasi kuje baada ya hapo. Maumivu ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, kwa mtoto anayekua, yasipuuzwe: mfupa wa mkono una sehemu laini ya kukulia karibu na kiungo hicho, na ikiendelea kugongwa huharibika. Vivyo hivyo maumivu ya chini ya mgongo yanayozidi akijipinda nyuma. Yakipita wiki 2, apelekwe kwa daktari, kwani pingili za mgongo huweza kupata ufa wa uchovu. Kisigino na chini ya goti ni sehemu nyengine zinazouma miezi ya kurefuka.

Na kurefuka kwenyewe hubadilisha hesabu ya pindu. Katika mwaka wa kasi kubwa ya kukua, ambao kwa wasichana huangukia kama miaka 12 na kwa wavulana kama 14, mtoto huweza kuongezeka sentimita 8 hadi 10. Tuseme alikuwa sentimita 150, sasa ni 155. Ikiwa mwili umekua kwa uwiano, ugumu wa kuuzungusha hupanda kwa kipeo cha tano cha urefu: takriban asilimia 18. Nguvu zake hazikupanda hivyo. Akiruka kwa kumbukumbu ya mwili wa zamani, anafika ardhini kabla hajamaliza kuzunguka, na kinachotangulia ni kichwa. Mpime kila mtoto siku ya kwanza ukutani, andika tarehe. Aliyeongezeka sentimita 3 au zaidi aanze pindu lake tangu mwanzo: kubiringika, kuruka juu na kujikunja bila kuzunguka, kuzunguka akianguka kwenye godoro nene, ndipo asimame.

Kumshika mtoto

Miongozo mingi ya umbali iliandikwa na watu wanaofikiria mpira au mbio. Sarakasi inafundishwa kwa mikono: mmoja mgongoni, mmoja nyuma ya paja, na mwalimu anasogea pamoja na mtoto. Mwaka 2020 waalimu katika nchi nyingi waliambiwa wasiguse. Njia salama ya kuifuata amri kama hiyo ni kuondoa kitendo kinachohitaji kushikwa, si kumuondoa mshikaji na kukiacha kitendo. Uwezekano wa kuambukizana katika sekunde 3 za kumshika mtu, mwalimu akiwa na barakoa na upepo ukipita, ni mdogo. Mtoto akiangukia shingo hapana kurudi nyuma.

Kwa wiki 4 za mwanzo, basi, yafanywe yale yasiyohitaji mkono wa mtu: kubiringika mteremko wa godoro, kuruka na kutua, kusimama kwa mikono ukutani, kuning'inia kwenye pete zilizoshushwa mpaka miguu iguse chini. Baadaye, penye haja ya kushika, iwe mwalimu mmoja kwa kundi lake, mikono imeoshwa kabla na baada ya kila kundi. Watoto wasishikane wenyewe kwa wenyewe. Hilo ni kweli hata siku zisizo na maradhi.

Mchanga wa pwani

Wengi hukimbilia ufukweni ukumbi ukifungwa, na kwa hewa hakuna mahali bora. Hatari yake ni ya aina nyengine. Mchanga laini humeza mguu wakati wa kuruka, nguvu inapotea chini, mruko unakuwa mfupi na pindu halitimii. Mchanga mbichi karibu na maji unarusha vizuri lakini unapiga kama saruji wakati wa kutua. Mahali pa kati, penye unyevu kidogo, chagua wakati maji yanakupwa, pekuliwe kwa reki kina cha kiganja: vigae vya matumbawe, chupa, ndoano, miba. Rukia pagumu, tua palipochimbuliwa.

Tairi lililofukiwa nusu, ambalo vijana hulitumia kujirusha, halifai kwa anayerudi. Ukikanyaga sentimita 5 pembeni ya katikati linakurusha upande, na hakuna muda wa kusahihisha. Muda mwema ni kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya Alasiri. Januari na Februari jua la saa 8 mchana haliruhusu mazoezi ya mtoto. Kila mmoja na chupa yake ya maji. Kata moja kwenye mtungi, tuliyolelewa nayo, ipumzike mpaka maradhi yaishe. Mwezi wa Ramadhani, mazoezi makali yahamie baada ya futari.

Vifaa vilivyolala

Chumvi ya bahari inakula chuma hata mlango ukiwa umefungwa. Kabla ya mtoto wa kwanza kuingia, kagua kila boliti, kulabu, nyaya na kamba. Kilicho na kutu ya maganda kibadilishwe, kisipakwe rangi tu. Boriti ya mbao igongwe kwa nyundo ndogo: sauti ya utupu ni ya mchwa. Anayebembea kwenye chuma huweza kuivuta kwa nguvu mara 3 hadi 4 ya uzito wake, kwa hiyo kuning'inia kwa mwalimu dakika moja si jaribio. Kwa mtoto wa kilo 50, tundika mifuko 8 ya mchanga ya kilo 25, iache robo saa, na mtu asikae chini yake.

Godoro lisimamishwe kivulini penye upepo siku 2 au 3 likauke. Jua kali hupasua ngozi yake. Piga goti juu yake kwa uzito wako wote. Goti likigusa sakafu, godoro limekufa, hata kama kwa juu linang'aa.

Usafi wenyewe ni mfupi kuueleza. Mikono na miguu ioshwe kwa sabuni kabla, wakati wa kubadilisha kifaa na mwisho. Watoto 20, mara 3, nusu lita kila mara, ni lita 30. Ndoo moja ya lita 20 itakauka kabla ya zamu kuisha, kwa hiyo ziwe mbili, au vibuyu chirizi kadhaa vinavyobana maji. Chaki kila mtu na mfuko wake. Kwa vyuma na sakafu ya saruji, klorini ya asilimia 0.1: ikiwa ya dukani ni asilimia 3.5, changanya kikombe 1 na vikombe 34 vya maji, uache uso umelowa dakika moja angalau, kisha futa kwa maji safi ili chuma kisiote kutu. Ichanganywe kila siku, maana joto na mwanga huiua, na isikutane kamwe na dawa ya choo yenye tindikali. Moshi wake unaunguza mapafu. Magodoro yapate sabuni na maji tu. Klorini inayakausha hadi yanapasuka, na ufa ndio unaoingiza jasho ndani ya sponji pasipofikika.

Mtoto akiugua

Mlangoni pawe na daftari: jina, kundi, simu ya mzazi, amekuja lini. Likae mwezi mmoja. Mwenye homa, kikohozi au kuwasha koo arudi nyumbani bila kulaumiwa, na ada yake isipotee. Mzazi anayejua atapoteza pesa atamleta mtoto hivyo hivyo.

Aliyeugua korona asirudi siku homa ilipokatika. Mwongozo wa madaktari wa michezo wa Uingereza wa mwaka 2020 ulitaka zipite siku 10 tangu dalili za kwanza, na 7 za mwisho asiwe na dalili yoyote, ndipo aanze kwa ngazi. Kwa walioumwa kidogo muda huo ulilegezwa baadaye, lakini ngazi zikabaki. Sababu ni moyo: virusi huweza kuuvimbisha msuli wake, na mazoezi makali katika hali hiyo huvuruga mapigo. Siku 2 za kwanza atembee dakika 15. Akiwa sawa, dakika 30 za kukimbia polepole. Kisha 45 za kunyoosha na kusimama kwa mikono. Kisha saa nzima ya mazoezi mepesi. Pindu ni la mwisho, si mapema kuliko wiki moja tangu alipoanza kutembea. Akihisi maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio akiwa amekaa, au kuzimia, ngazi zinasimama na anakwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Siku ya pindu la kwanza arukie godoro nene, mwalimu ubavuni, mara 5 tu. Kisha akae dakika 10 kivulini, aangaliwe uso na pumzi zake. Kesho yake, kabla hajavua viatu, aulizwe amelalaje.